Kilo za Kishada

Foleni ya chakula cha mchana ilikuwa imefika mlangoni, na mpishi mkuu wa shule, ambaye wanafunzi wote walimwita Mama Jikoni, alikuwa akipakua bila kutazama nyuso. Miaka kumi na moja ya kushika mwiko ilikuwa imemfundisha kuwajua watoto kwa namna wanavyoshika sahani. Mwenye pupa huinyoosha mapema. Mwenye haya huibana kifuani. Jumanne hiyo aliinua macho kwa sababu sahani moja ilikuwa inatikisika.

Aliyeishika alikuwa binti yake mwenyewe. Alisimama kwa mguu wa kulia, wa kushoto ameukunja kidogo, vidole vikigusa sakafu tu, kama mtu anayejaribu maji asijue ni ya moto kiasi gani.

“Siku hizi umekuwa korongo?” mama yake aliuliza.

“Nimechoka tu, mama.”

“Mtu akichoka huchoka miguu yote miwili.”

Wasichana waliokuwa nyuma wakacheka. Binti naye akacheka, akaukanyaga ule mguu chini kwa nguvu ili wamwone, na mama akaona midomo yake ikibana. Akampakulia, akamwongeza kijiko kimoja, kama alivyomwongeza kila siku huku akijifanya hajui kwamba wenzake wanaona. Kisha akamfuata kwa macho mpaka mezani. Kila mguu wa kushoto ulipotua, bega lilishuka.

Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yake alimpa jina la Kishada angali mdogo, kwa wepesi wake na kwa jinsi alivyopenda kukimbizana na upepo, na jina likahamia shuleni. Kwa miaka miwili hapakuwa na msichana wa rika lake aliyempita katika mbio za mita elfu tatu. Jumamosi ya wiki hiyo yalikuwa mashindano ya mwisho ya shule zote. Watu wa shule moja kubwa ya bweni wangekuja kutazama, na atakayeshinda angechukuliwa kusoma huko bila ada mpaka amalize. Nyumbani kwa kina Kishada, habari hiyo ilikuwa inaliwa asubuhi na jioni.

Jioni mama alimkalisha kwenye ukingo wa kitanda, akampapasa ugoko, ule mfupa wa mbele chini ya goti. Hapakuwa na jeraha, wala uvimbe wa kutisha. Lakini kidole gumba kilipofika mahali pamoja, padogo kama kifungo cha shati, binti aliuma mto.

“Tangu lini?”

“Wiki tatu.”

“Wiki tatu! Na ukaendelea kukimbia?”

“Mwili ukishapata moto maumivu yanapungua, mama. Na zimebaki siku nne tu. Tafadhali usimwambie baba.”

Mama hakuahidi kitu. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, mara ya kwanza tangu mwaka uanze, akamwachia msaidizi wake funguo za stoo, akampeleka mtoto hospitali.

* * *

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imening’inia kifuani kwa kamba. Aliivaa, akaitazama picha ya eksirei kwenye mwanga, akaivua tena.

“Mfupa uliovunjika siuoni,” alisema.

Mama Jikoni akashusha pumzi.

“Ngoja kwanza, mama. Usifurahi mapema.” Daktari aliuweka mguu wa Kishada mapajani mwake na kukibonyeza kile kifungo kisichoonekana. Kishada akashika ukingo wa kiti. “Mfupa wa mtu anayekimbia sana unachakaa na kujijenga, unachakaa na kujijenga. Ukiupa muda na chakula, unajijenga. Ukiunyima, unaanza kuingia ufa mwembamba kuliko unywele. Picha huenda ikauona baada ya wiki mbili, tatu. Kidole changu kimeshauona.”

“Na akikimbia Jumamosi?”

“Anaweza akamaliza mbio vizuri. Anaweza pia asimalize, mfupa ukakatika katikati ya uwanja, na hapo tutakuwa tunazungumzia upasuaji na vyuma. Mimi ninampa magongo. Wiki sita asiukanyagie, kisha tutaona.” Akavuta faili. “Anakulaje?”

Mama Jikoni alikaribia kucheka. “Daktari, mimi ni mpishi. Mchana ninampakulia mimi, jioni ninampakulia mimi. Wenzake wananisema kwamba ninampendelea.”

“Kupakuliwa nimesikia,” daktari alisema kwa upole, sasa akimtazama binti. “Unakula?”

Kishada alitazama magongo yaliyoegemezwa ukutani.

“Ninampa jirani yangu wa mezani,” akasema mwishowe.

“Chote?”

“Ninabakiza kidogo. Jioni ninasema nimeshiba cha shuleni.”

“Na siku zako unaziona?”

“Zimekata. Mwezi wa tano sasa.”

Muuguzi aliyekuwa akipanga mafaili pembeni aliacha kuyapanga, kisha akayapanga tena kwa haraka. Mama Jikoni alihisi masikio yakipata moto. Kila mwezi alikuwa akimnunulia binti yake pedi na kumwekea kwenye sanduku la nguo, na hakuwahi kufikiri kulifungua aone kama zinapungua. Kila jioni alikuwa akimwambia mume wake, “Mwache, huyo ameshiba cha shule,” tena kwa majivuno, maana cha shule alikipika yeye. Aliona aibu ya fundi cherehani anayeambiwa mbele za watu kwamba mwanawe anatembea uchi.

“Kwa nini, mwanangu?” aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Sekunde anasema ukiacha kilo moja nyumbani, unaokota sekunde mbili uwanjani.”

“Sekunde ndiye nani?” daktari aliuliza.

“Mwalimu wetu wa michezo.”

Daktari aliandika jambo kwenye faili, akalipigia mstari chini. “Mwili ukinyimwa chakula hukata siku, na mfupa nao hukosa cha kujijengea,” alisema.

* * *

Baba mtu alikuwa seremala. Aliporudi kutoka karakana jioni hiyo, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi, alikuta magongo sebuleni na fomu ya shule mezani. Fomu ilitaka saini ya mzazi kwamba ameridhia mtoto ashiriki mashindano, na ilitakiwa irudi kesho.

Alisikiliza maelezo ya mguu akiwa amesimama. Ya chakula mkewe aliyaweka kwanza kiporo. Hakujua aanzie wapi.

“Picha inasema haujavunjika,” baba alisema.

“Picha, ndiyo.”

“Basi?”

“Basi daktari kasema asiukanyagie.”

“Daktari huyohuyo kasema anaweza akamaliza. Si umeniambia mwenyewe? Mbio zenyewe ni dakika kumi, Mama Kishada. Dakika kumi! Halafu apumzike mwaka mzima akipenda.” Hakuwa akifoka. Aliongea kama mtu anayepima mbao fupi kwa mara ya tatu akitumaini itarefuka. “Nafasi kama hii wewe na mimi hatukuipata.”

“Hatukuipata, na miguu tunayo.”

“Baba, mimi nataka kukimbia,” Kishada alisema.

“Umemsikia?”

“Nimemsikia. Na wewe ungemsikia alivyolia mto ukiwa mdomoni.”

Baba aliichukua kalamu, akaifungua, akaifunga. Akamtazama binti yake.

“Haya. Weka magongo chini. Ruka kwa mguu huo mara kumi, hapa mbele yangu. Ukifika kumi, ninasaini.”

“Baba Kishada, una wazimu?” mkewe alisema, lakini Kishada alikuwa ameshasimama.

Aliruka ya kwanza. Aliruka ya pili, akitabasamu. Ya tatu tabasamu lilikuwa palepale, limegandishwa kama picha, lakini midomo ilikuwa imeishiwa rangi na jasho lilikuwa limetoka lote kwa pamoja chini ya pua. Alipojikusanya kwa ya nne, baba yake alitupa kalamu, akamdaka kwapani kabla hajatua.

“Inatosha.”

“Bado saba, baba. Ninaweza.”

“Najua unaweza. Ndiyo maana inatosha.”

Alibaki amemshikilia hewani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa mtu wa kubeba milango na vitanda, uzito aliujua kwa mikono, na mikono yake ilikuwa inamwambia jambo lisiloingia akilini. Akamweka kwenye kiti polepole.

“Mama Kishada,” alisema bila kugeuka, “mtoto huyu ana kilo ngapi?”

Ndipo mkewe alipoketi na kumweleza yale mengine yote. Kishada alijifunika uso kwa mikono. Baba aliitafuta kalamu chini ya meza, akaandika kwenye fomu kwa herufi kubwa za seremala: HATAKIMBIA. Kisha akaingia jikoni na kurudi na sahani mbili, yake na ya binti yake, akakaa karibu naye. Walikula taratibu sana. Binti alimaliza nusu, na hakuna aliyemhimiza.

Asubuhi baba alichukua boksi la viatu vya mbio vyenye misumari ambavyo mafundi wenzake walimchangia mtoto mwezi uliopita, akalirudisha karakana.

“Vimembana?” mmoja aliuliza.

“Amepumzishwa. Mguu. Kapewa magongo.”

“Aa! Kumbe tumechanga, mwenzetu amekwenda kuchukua magongo!”

Wakacheka, na baba akacheka nao, kwa kuwa kucheka kulikuwa kwepesi kuliko kueleza. Mzee mmoja wa kupiga msasa, ambaye hakuwa amecheka, alilipokea boksi, akalipangusa vumbi, akamrudishia. “Vyake hivi,” alisema. “Zawadi hairudi.”

* * *

Mama Jikoni aliipeleka fomu mwenyewe, saa ya mapumziko, aproni ikiwa bado kiunoni. Ofisi ya mwalimu wa michezo ilikuwa stoo ya mipira. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye saa mbili za kuhesabia muda zimening’inia shingoni. Maji ya wanariadha aliyanunua kwa mshahara wake, na hilo kila mtu alilijua. Aliisoma fomu, akakaa juu ya kasha.

“Mama, nimesikia picha haikuonyesha kitu.”

“Haikuonyesha.”

“Basi huenda ni misuli tu. Tukimfunga vizuri...”

Lakini mama hakuwa akimsikiliza. Kwenye ukuta, juu ya mizani ya kupimia watu, palikuwa na karatasi yenye majina saba ya wasichana, na mbele ya kila jina safu ya namba. Yeye ni mtu wa kusoma kilo. Kilo za mchele, kilo za maharage, kilo za unga, aliziingiza na kuzitoa kila siku ya Mungu. Alizisoma hizi nazo kutoka kushoto kwenda kulia, wiki hadi wiki. Zote zilikuwa zinashuka. Za binti yake ndizo zilizoshuka zaidi, na pembeni mwa jina lake palichorwa nyota kwa wino mwekundu.

“Nyota ni ya nini, mwalimu?”

“Ni... ya kuwatia moyo. Aliyepungua zaidi.”

“Mimi nina mizani jikoni,” Mama Jikoni alisema. “Gunia likipungua kilo moja, ninamwita mlinzi. Ninyi hapa mnaweka nyota.”

Mwalimu aliinuka kwenye kasha. “Sikumwambia asile, mama. Haki ya Mungu. Niliwaambia wawe wepesi. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo.”

“Sijasema una nia mbaya.”

“Ninawapenda watoto hawa.”

“Najua. Wangu anakupenda pia. Ndiyo sababu alikuamini wewe kuliko sahani yangu.”

Nje mipira ilidunda. Mwalimu akaiweka fomu kwenye jalada. “Basi nafasi yake atakimbia Kidoti,” alisema, kama mtu anayejisemea. Kidoti alikuwa msichana wa pili kwa mbio, mwenye alama nyeusi shavuni. Kwenye karatasi ya kilo, kwa kupungua, alikuwa wa pili pia.

“Sawa,” Mama Jikoni alisema, akarudi kwenye masufuria yake. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mwanawe, na mwanawe alikuwa ametoka kwenye orodha. Siku hiyo aliona kazi imekwisha.

* * *

Jumapili alasiri, Kishada akiwa ameunyoosha mguu juu ya stuli na baba yake akigongea vipande vya mpira kwenye ncha za magongo ili yasiteleze, hodi ilipigwa. Alikuwa mwalimu wa michezo. Saa hazikuwapo shingoni, na bila hizo alionekana mdogo.

“Karibu, mwalimu, karibu ndani,” baba alisema. “Mmeshindaje huko?”

“Kidoti alianguka,” mwalimu alisema, bado kasimama. “Mzunguko wa sita. Alikuwa anaongoza. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja na nilisikia. Nilidhani mlingoti wa bendera umekatika.”

Kishada aliweka mkono mdomoni.

“Wamemfanyia upasuaji leo asubuhi. Ninatoka huko sasa hivi.”

“Masikini,” mama alisema. “Masikini mtoto wa watu.”

“Na wale wa shule kubwa?” Neno lilimtoka baba kabla hajalizuia, na aliona haya papo hapo.

“Wamechukua msichana wa shule nyingine.”

Hakuna aliyejua habari hiyo aiweke wapi. Mama alimvutia mgeni kiti, naye mgeni akaketi kama mtu aliyeagizwa.

“Mama yake hakunigombeza,” aliendelea. “Laiti angenigombeza. Aliniuliza tu kama nilijua mguu ulikuwa unamuuma. Nikasema sikujua. Na kweli sikujua. Lakini nikiwa njiani nikakumbuka kwamba sikuwahi kumuuliza.”

Mama Jikoni aliketi naye. “Na mimi niliona ile karatasi yote,” alisema. “Majina saba. Nikamtetea wangu, nikafunga mlango nyuma yangu.”

Mwalimu alimgeukia Kishada. “Wewe ulijua?”

“Tulikuwa tunafungana vitambaa,” Kishada alisema. Alianza kulia bila sauti. “Kwenye choo cha nyuma, kabla ya mazoezi. Yeye alinifunga mimi, mimi nikamfunga yeye. Alisema wake ni mwepesi kuliko wangu.”

“Nani mwingine?”

Kishada akautazama mguu wake juu ya stuli.

“Sema, mwanangu,” baba alisema. “Mwalimu anauliza kwa wema.”

“Wapo. Lakini wakikwambia wewe, mwalimu, utawatoa kwenye timu.”

“Sitawatoa.”

“Hivyo ndivyo unavyosema leo.”

“Wewe! Adabu!” baba alishtuka, lakini mwalimu aliinua mkono kumzuia.

“Mwache, mzee. Anasema kweli.”

Kishada alijifuta uso kwa kiganja, kisha kwa kiganja cha pili. Nyundo ya baba ilibaki hewani.

“Majina sitayataja,” alisema. “Nitawaambia waje wenyewe. Lakini kwako hawatakuja, mwalimu. Waache waende kwa mama. Jikoni.”

Mwalimu alimtazama Mama Jikoni. Naye alitazama mikono yake, yenye makovu madogo ya mvuke na mafuta, kana kwamba anawaza kama itatosha. Kisha akaitika kwa kichwa.

“Waje kabla ya kengele ya saa nne,” alisema. “Baada ya hapo sufuria zinachemka, sina nafasi. Na wakitoka kwangu ninakwenda nao kwa yule daktari. Wewe mwalimu utatuombea ruhusa.”

“Nitaomba,” mwalimu alisema. “Na nitakwenda nanyi.”

* * *

Jumatatu Kishada alisema wangekuja wawili. Walikuja wanne.

Walisimama mlango wa nyuma, kati ya magunia, wakisukumana kimyakimya ili mwingine atangulie. Wawili walikuwa wa mbio ndefu. Mmoja alikuwa wa kuruka juu. Wa nne alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye Mama Jikoni hakujua hata kama anakimbia. Alimjua kama yule anayebana sahani kifuani.

“Angalia mchele,” alimwambia msaidizi wake. Alinawa mikono, akaikausha, akavuta benchi la kumenyea viazi mpaka kwenye mwanga wa dirisha. “Kaeni. Vueni soksi.”

Wakakaa. Wakubwa watatu wakaanza kufungua kamba za viatu. Mdogo hakuvua.

“Wangu hauumi sana,” alisema. “Mimi nimewasindikiza tu.”

“Haya,” Mama Jikoni alisema. Akaketi chini sakafuni mbele yake, kwa uzito wake wote, akaukunjua mkunjo wa aproni na kuutandaza mapajani. “Basi tuanze na huo usiouma sana.”

Mtoto alimtazama, akawatazama wenzake. Kisha akauweka mguu wake pale, polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka chini kitu alichokibeba kutoka mbali.